Nguo Isiyojua Kusalimia

Mwezi uliopita nilirudi Mpanda kwenye sendofu ya Devota. Watu walikuwa wameshakata tamaa naye. Mama zake wadogo walikuwa wakisema bwana wake anakuja na treni ya Tabora, maana yake atafika, ila msimuulize saa. Basi treni imefika. Devota anaolewa akiwa na miaka thelathini na tano, amevaa gauni alilolishona mwenyewe kwa sababu hakumwamini fundi mwingine yeyote, na mimi nilikaa meza ya tatu kwenye ukumbi mmoja wa Misunkumilo nikila pilau na kulia kwa zamu. Ndipo nikamwona Mama Nkwimba. Amenenepa, mvi zimemwingia, lakini sauti ni ile ile ya kuita ng'ombe. Wazee wa upande wa bwana harusi walipoingia, alitoka mezani, akapiga goti juu ya vigae, akawasalimia mmoja mmoja. Wapiga picha walimpita. Mimi niliacha kijiko nikamtazama: goti la kulia linavyotangulia, la kushoto linavyofuata, kitambaa kinavyokwenda pamoja naye bila kugoma mahali popote. Mume wangu akaniuliza kulikoni. Nikamwambia, "Yule mama ndiye aliyenifundisha kushona." Akauliza alikuwa mwalimu wa chuo gani. Nikamjibu hajawahi kukanyaga cherehani maisha yake yote.

Habari za nani alinizaa na wapi nitaziacha, kwa kuwa mwaka ule alionifundisha haukunijua kwa hayo. Mwaka ule ulinijua kama Sabina, miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa ubunifu wa mavazi katika chuo cha ufundi, mpangaji mwenza wa Devota katika chumba cha mwisho cha nyumba ya mwisho huko Misunkumilo, ambako ukivuka shimo la taka unaingia kwenye mahindi ya watu. Kitanda kilikuwa kimoja, tulilala mzungu wa nne. Cherehani ya miguu ya Devota ilikaa dirishani, jiko la mkaa mlangoni, na katikati palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kugeuka. Kwa hiyo mmoja akipika, mwingine alishona, na mkitaka kubadilishana ilibidi mtoke wote nje kwanza, muingie upya kwa mpangilio. Tulikula ugali na migebuka mikavu ya kutoka ziwani, Jumamosi wali wa Mwamkulu, asubuhi uji uliotiwa asali pale tulipokuwa nayo. Ukuta haukufika kwenye bati, basi tulisikia kila lililosemwa chumba cha pili, na wao walitusikia sisi. Mpaka leo nikiingia kwenye nyumba yenye dari nzuri huwa nahisi majirani wananificha jambo.

Mwalimu wetu alikuwa Madam Scholastica, Mfipa mrefu, mkavu, mwenye ugomvi wa siku nyingi na takataka. Ukitupa kipande cha kitambaa kinachotosha kufunika kiganja, alikiokota, akakirudisha mezani kwako, akaenda zake. Kazi ya mwisho aliyotupa ilikuwa moja kwa wote: buni chapa yako ya nguo, kila kitu kipatikane hapa hapa mkoani, ushone hapa hapa, usitupe kitu, uwavishe wanawake watano wa hapa kiangazi chote, kisha wao wenyewe waje mbele ya wakaguzi waseme. Bila wanawake hakuna kazi, bila kazi hakuna cheti. Kurudia mwaka nisingeweza. Kaka yangu, aliyekuwa akinilipia, alishaniambia bila kumung'unya maneno kwamba baada ya mwaka ule zamu ilikuwa ya mdogo wetu.

Wenzangu walichagua sare za shule na magauni ya harusi. Mimi nilichagua nguo za kushindia nyumbani. Nilikuwa nimeona kwenye simu picha za wanawake waliojinyoosha kwenye makochi, wamevaa suruali na blauzi za rangi moja, laini, wameshika vikombe, hawafanyi lolote. Nilizipenda picha zile kwa moyo wote. Huku kwetu mwanamke akirudi nyumbani huvua kilicho kizuri akavaa kilichochakaa: dera lililopauka, fulana ya kampeni, kitenge kilichobaki nusu. Niliona ni dhuluma. Kwa nini nguo nzuri ziwe za watu wa njiani, na nyumbani, mbele ya wale unaowapenda, uvae matambara? Nilikuwa na hasira ya kijana aliyegundua jambo, na hasira ile ilikuwa tamu. Jina la chapa nililipata kabla sijakata hata kipande: Sebule.

"We Sabina," Devota akaniuliza, anageuza ugali, "sebule yenyewe iko wapi?"

"Tutaipata."

"Basi tuanze na stuli, tutafika."

Kitambaa kilikuwa marikani, pamba ya nchi hii iliyofumwa nchi hii, tulichokipata sokoni bila shida. Tatizo la marikani kila mtu analijua. Siku tuliyoiosha na kuianika, tulimsikia mama wa chumba cha pili akimwambia mwenzake kwa upole kabisa, "Wale mabinti wamefiwa, sanda iko kambani. Twende tukawape pole." Wakaja kweli, na mchele kwenye bakuli. Tulijieleza, wakacheka, mchele wakatuachia. Lakini nilielewa kwamba hakuna mwanamke wa Mpanda atakayekaa ndani ya rangi ile, na rangi za dukani Madam alizikataa. Ndiyo maana nikaenda kwa Ezekieli seremala, ambaye karakana yake ilikuwa imezama kwenye vumbi jekundu la mbao za mninga. Nilikwenda na gunia.

"Huo unga hauliki, mdogo wangu," akaniambia.

"Siuli, kaka. Nachemsha."

"Ndo mnavyofundishwa chuoni siku hizi?" Alilijaza gunia mwenyewe, na kuanzia hapo kila Ijumaa alikuwa ananiwekea jingine mlangoni, limefungwa kama zawadi.

Sikuwa na chombo kikubwa isipokuwa sufuria ya ugali. Niliilaza marikani kwenye maji ya shabu, ile ile ya kutulizia maji ya kisima, kisha nikaichemsha na vumbi la mninga nusu siku. Ikatoka na rangi ambayo mpaka leo sijaichoka: ukichemsha kidogo, chai ya maziwa, ukichemsha sana, tofali. Nilipiga vigelegele peke yangu. Sufuria nayo ilipata rangi, na haikutaka kuiachia. Siku tatu tulikula ugali mwekundu. Devota alikula wa kwake wote, akajipapasa tumbo, akasema sasa anaweza kuuzwa kama kabati. Nilimpenda sana siku ile, na sikumwambia, kwa kuwa tulikuwa katika umri wa kudhani mambo hayo yanajulikana.

Sasa nifike kwenye mkato, maana hapo ndipo kiburi changu kilipokaa. Nilitaka kumshinda Madam kwenye uwanja wake wa takataka. Kwa siku nne nililaza patani za karatasi za kukatia juu ya marikani, nikizigeuza na kuzibananisha, mpaka kitambaa chote kikaingia kazini. Seti nzima, suruali na blauzi, ilibakisha vipunje visivyojaza kikombe cha chai. Ili hilo liwezekane miguu ya suruali niliibana, na blauzi nikaikata iishie kiunoni, kama kwenye picha. Madam akatazama ndoo yangu ya takataka, tupu, kisha akanitazama mimi.

"Nani atavaa?"

"Wanawake, madam."

"Sawa," akasema. Niliisikia sawa ile kama sifa, nikatembea nayo wiki nzima.

Wanawake watano walipatikana kwa urahisi. Watatu walikuwa majirani wa Misunkumilo. Wa nne alikuwa Shangazi Perpetua wa Litapunga, shangazi yake Devota, mwanamke mdogo wa umbo aliyezaliwa Burundi na kuzeekea hapa, kiongozi wa jumuiya ya kanisa lake. Wa tano alikuwa Mama Nkwimba, Msukuma wa Mwamkulu aliyetuuzia mchele sokoni na kutuongezea kiganja kimoja kila mara kwa kuwa, alisema, tulikuwa na mashavu ya huzuni. Alipoijaribu seti nyuma ya pazia lake nilimsikia akimnong'oneza wifi yake, "Ni suruali ya kulalia mchana," wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Alipotoka alikuwa amependeza hasa. Rangi ya tofali ilimkaa kama amezaliwa nayo.

"Kwa hiyo mwanangu, hii ni ya kufanyia nini?"

"Ya kupumzikia, Mama."

"Kupumzika ndo saa ngapi?"

Nilicheka nikidhani ananitania. Niliandika kwenye daftari: mteja amefurahi.

Jumapili moja katikati ya kiangazi tulikwenda Mwamkulu, Devota na mimi, kupiga picha za maonyesho. Tulikuta wali, kuku, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Tulikula kwanza, kwa kuwa kwa Mama Nkwimba hakuna jambo lililotangulia chakula, kisha nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba nikamwambia ajinyooshe kama mtu asiye na kazi. Akaniuliza kwa dhati kabisa mtu asiye na kazi anakaaje. Nikamwonyesha. Alikuwa ameegemea kiti, mkono mmoja umening'inia, mimi nimepiga picha ya nne au ya tano, mzee akatokea kwenye kona ya zizi. Alikuwa Mzee Masanja, baba mkwe wake. Alikuwa amekwenda Mpimbwe kuangalia ng'ombe na alitegemewa Jumatano.

Mkamwana wa Kisukuma hamsalimii baba mkwe akiwa kitini. Mama Nkwimba hakuwa na muda wa kwenda ndani kuchukua kitenge. Alishuka, goti la kulia, goti la kushoto, na suruali yangu, ile isiyobakisha kipande, ikaachia nyuma kuanzia kiunoni mpaka karibu na goti, kwa sauti iliyowafanya kuku wainue vichwa. Blauzi nayo ikapanda mgongoni. Yeye akamalizia salamu. Hilo ndilo nisiloweza kulisahau. "Mwadila, Baba," akasema, sauti haikutetereka hata kidogo, na mzee akaitika huku ameshageuzia uso zizini, kisha akaanza kumuuliza Devota kama mvua imenyesha huko alikotoka. Ilikuwa kiangazi cha kukausha koo. Devota akamjibu imenyesha vizuri sana, Babu, mahindi yamestawi. Walizungumzia mahindi yale yasiyokuwepo, wote wawili kwa heshima kubwa, mpaka Mama Nkwimba akamaliza kurudi kinyumenyume kwa magoti na kuingia ndani.

Alitoka amevaa kitenge, seti ameikunja vizuri juu ya viganja viwili. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona haraka.

"Mwanangu, nguo yako nzuri. Rangi nzuri, mishono safi. Ila haijui kusalimia."

Habari za namna hiyo hazihitaji usafiri. Ndani ya wiki moja majirani wote watatu walikuwa wamerudisha, mmoja kwa kutuma, mwingine kwa kuning'iniza kwenye kitasa chetu, wa tatu kwa kuniambia imemkaa vizuri mno hata anaogopa kuichakaza. Shangazi Perpetua alileta ya kwake mwenyewe, chini ya ndizi mbivu ndani ya kikapu, ili mtu asione anarudisha. "Mimi baba mkwe wangu alishatangulia," alisema, "simpigii mtu goti. Lakini jumuiya ikikutana kwangu tunasali rozari nzima kwa magoti. Nguo hii, mwanangu, inaishia Baba Yetu ya kwanza." Alinibusu shavuni, akasahau kikapu makusudi. Nilikaa chini kati ya cherehani na jiko, seti tano mapajani, ndizi pembeni, nikalia kwa kwikwi.

Baada ya kulia nilikasirika. Nasema ukweli wangu: sikuikasirikia suruali, niliikasirikia mila. Nilimwambia Devota kwamba huwezi kuendelea na watu wanaotambaa kwa magoti wakati dunia imesimama. Kwani lazima wapige magoti? Devota alikuwa anaosha sufuria nyekundu. Hakugeuka.

"Lazima au si lazima, wanapiga. We unamshonea nani?"

Nimelifikiria jibu lile miaka yote hii. Binti yangu mwenyewe hapigi goti, anasalimia amesimama akiinamisha kichwa, na mimi nimemwachia. Nikiwa na maoni juu ya magoti nitayasema kwa mdomo wangu, mezani, mbele ya mtu anayeweza kunijibu. Lakini kumkata mtu mzima suruali inayomkataza kuwa mwema mbele ya watu wake, halafu nikaiita suruali hiyo raha, huo ulikuwa ujeuri, na nilikuwa nao mwingi. Picha za kwenye simu zilikuwa za wanawake waliofika mwisho wa kazi. Mimi sikujua mwanamke yeyote wa Mpanda aliyewahi kufika huko.

Jumatatu nikampelekea Madam mabaya yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua suruali iliyochanika, akapitisha mkono kwenye tundu, vidole vikatokea upande wa pili.

"Uliwapima wamekaaje?"

"Wamesimama, madam. Wamenyooka."

"Na siku nzima wanasimama wamenyooka?"

Akaikunja suruali, akanirudishia.

"Nenda Mwamkulu. Usichukue futi wala daftari. Shinda nao. Jioni ndo ukumbuke."

Nilikwenda na Devota, naogopa kweli. Mama Nkwimba alitupokea kama hakuna lililotokea, akatupa ufagio na ungo. Siku ile nilijua kwamba mwili wangu haujasoma. Aliinama kufagia, akachuchumaa kupuliza moto, akakaa chini miguu imenyooka kupepeta mchele, akapiga goti mara ambazo niliacha kuzihesabu: kwa mzee asubuhi, kwa jirani aliyeleta habari ya msiba, kwa shemeji, kwa kumpa mgeni maji ya kunawa, kwa kumfunga mtoto kiatu. Alibeba mtoto mgongoni, akamshusha, akambeba tena. Kiti cha plastiki kilikaliwa na mimi tu, kwa dakika chache, na nikaona aibu nikashuka. Mchana tulikula uani, kwenye mkeka, kando ya moto. Hapo, kijiko kimefika nusu ya njia, nikaona jambo ambalo lingepaswa kunigonga miezi mitano nyuma. Alikuwa anapumzika. Wifi yake kaegemea bega lake, mtoto kalala pajani, wanasemana na kucheka, mikono inachambua mawe kwenye mchele. Raha ilikuwepo nyumba ile tangu zamani, na ilikaa uani, chini, na kazi kidogo mikononi.

"Mama," nikasema, "niruhusu nikupime tena."

"Futi si wamekukataza?"

"Kamba itatosha. Ila nikupime umepiga goti."

Akacheka kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. Kisha akapiga goti hapo hapo kwenye mkeka, na mimi nikapiga nyuma yake, nikapima kwa kamba ya katani kutoka kiunoni, kuzunguka nyuma, mpaka gotini. Kamba ikapita kipimo changu cha kwanza kwa kiganja kizima na vidole viwili. Kiganja kizima! Ndicho nilichokuwa nimewanyima ili ndoo yangu ionekane tupu.

Tulifumua seti zote tano. Kwa wiki tatu cherehani haikupoa, na tulikuwa tumezoeana hata kugeuka ndani ya chumba kile hatukuhitaji tena kutoka nje. Suruali ilipata kipande cha pembe nne katikati ya miguu, kikampa mtu nafasi ya kushuka na kupanda. Magotini tulitia kitambaa mara mbili. Blauzi ilirefushwa ikafika mapajani, na mbele tukaongeza ubawa mpana unaofungwa kwa kamba pembeni, ambao mtu akipiga goti unatandazika wenyewe mpaka chini na kufunika kila kinachostahili kufunikwa. Marikani iliyohitajika ilikuwa nyingi zaidi, na mara hii nilibakisha vipande. Sikuvitupa. Vikawa mifuko, mikanda, na vitambaa vya kushikia sufuria. Chapa ikabadilishwa jina: Uani. Devota alisema angalau ua tunao.

Mama Nkwimba alikuwa na sharti. "Sivai," akasema, ameshika seti mpya mbali na kifua chake, "mpaka nyie mmempigia Baba goti kwanza. Na mimi niwe nimekaa naangalia." Haki yake. Tukavaa, Devota ya Shangazi, mimi ya Mama Nkwimba, tukavuka ua hadi zizini alipokuwa Mzee Masanja. Nilishuka, goti la kulia, goti la kushoto, nikisikiliza nyuma yangu kuliko mbele. Kimya. "Mwadila, Babu," tukasema. Mzee alitutazama, akamtazama mkamwana wake aliyekaa mlangoni ameziba mdomo.

"Mnanisalimia," akauliza, "au mnajaribu nguo?"

"Vyote viwili, Babu," Devota akasema.

"Basi rudieni. Ile ilikuwa ya nguo."

Tukarudia. Mara ya tatu alikuwa anacheka hadi akashika mti wa zizi, na Mama Nkwimba alishanikamata mkono anataka nivue pale pale nimpe ya kwake.

Seti zikarudi kwa wenyewe, na kiangazi kikaisha. Sikuwafuatilia sana. Niliogopa kusikia. Siku ya wakaguzi kila mwanafunzi alipewa kamba ya kutundikia nguo katika ukumbi wa chuo, na kadi za kuandika jina la mvaaji. Niliandika kadi zangu tano kwa mwandiko mzuri, nikazibana kambani, nikangoja. Wenzangu magauni yao yaling'aa. Kamba yangu ilikuwa na kadi tu. Saa nne Madam alinipita, akaitazama kamba yangu, akaendelea na njia yake. Saa nne na nusu wakaguzi wakaingia, watatu, na aliyewaongoza alikuwa mama mmoja wa makamo wa kutoka mkoani, sketi ya kubana, miwani kwenye mnyororo. Nilimwona akianza upande wa pili wa ukumbi.

Ndipo nikasikia ng'ombe wanaitwa kwenye korido. Waliingia wote watano pamoja, Mama Nkwimba mbele, mtoto mgongoni, Shangazi Perpetua nyuma akiwa amechelewa kwa kusalimia walinzi, na kila mmoja amevaa yake. Hazikuwa mpya tena. Zilikuwa zimeiva. Ya Mama Nkwimba ilikuwa na doa la mkaa kwenye ubawa. Shangazi alikuwa ameongeza mfuko wa funguo bila kuniuliza. Jirani mmoja alikuwa amedarizi ua shingoni. Nililia nikiwavuta nyuma ya pazia, nikiwaambia haraka, Mama zangu, vueni, nimewaletea vitenge, niziweke kambani kabla hawajafika.

"Nivue?" Mama Nkwimba akasema. "Halafu nirudi Mwamkulu na nini?"

"Nitakurudishia jioni, Mama, zinatakiwa zitundikwe."

"Kwani hii ni yako?"

"Yangu nimeshaitia mfuko," Shangazi Perpetua akasema, kama hakimu anayefunga faili. Wale majirani watatu wakakunja mikono vifuani. Mwezi wa nane walinirudishia bila kuombwa, na sasa watu wazima watano walikuwa wamesimama nyuma ya pazia wakikataa kunipa nguo zangu, na mkaguzi alikuwa ameshafika kwenye kamba.

"Sabina," alisoma jina langu kwenye karatasi. "Kazi yako sijaiona."

Nilifungua mdomo. Mama Nkwimba akatangulia. Alitoka nyuma ya pazia, akapiga goti mbele yake, taratibu, ubawa ukatandazika chini. Wenzake wanne wakatoka wakasimama nyuma yake.

"Shikamoo, mama. Kazi yake ndo hii tumeivaa. Hatuitundiki. Tukiivua tutavaa nini?"

Mkaguzi aliishusha karatasi. Alizunguka nyuma ya Mama Nkwimba, akainama akashika kipande cha katikati, akakivuta, akalipapasa goti lenye kitambaa mara mbili. Akamuuliza anaivaa mara ngapi. Mama Nkwimba akamjibu kwamba anaivua Alhamisi, kuifua. Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu, na Madam Scholastica, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alikuwa ameugeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Wakaguzi wawili waliposogea kwenye kamba iliyofuata, yule mama aliyewaongoza akabaki. Alivua miwani. Akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mwanamke aliyevaa sketi ya kubana tangu saa kumi na mbili asubuhi, "Na mimi utanipima lini?"

"Sasa hivi, madam," nikasema, natoa kamba mfukoni. "Ila piga goti kwanza."

Aliitazama sketi yake. Akaupandisha upindo kidogo, akamshika Mama Nkwimba bega, akapiga goti.